Binti wa Kuruman na Ukoo Uliobeba Misheni

Katika vitabu vingi vya safari za David Livingstone, mkewe Mary hutokea mara tatu: siku anapoolewa, siku anapopandishwa melini na watoto wanne, na siku anapozikwa chini ya mbuyu huko Shupanga, kando ya mto Zambezi, akiwa na umri wa miaka 41. Msomaji huachwa aamini kwamba huyu alikuwa mwanamke wa Kizungu aliyemfuata mume katika nchi ngeni, na nchi ikamshinda. Historia ya ukoo wake inasema jambo jingine kabisa. Mary Moffat alizaliwa Griquatown, katika nchi ambayo leo ni Afrika Kusini, tarehe 12 Aprili 1821. Alikulia katika misheni ya Kuruman miongoni mwa Watswana, na lugha yao aliijua tangu utotoni. Aliyekuja ugenini ni Livingstone, kijana wa Blantyre huko Scotland, ambaye alipofika Kuruman mwishoni mwa Julai 1841 alikuta tayari pana kanisa la mawe, mfereji wa maji, bustani na mtambo wa kuchapia vitabu. Nchi ya mbali, kwa Mary, ilikuwa Uingereza. Ninachodai ni kwamba misheni ya kusini mwa Afrika katika karne ya 19 ilikuwa kazi ya nyumba na ukoo kabla ya kuwa kazi ya mwanamume mwenye Biblia na dira, na kwamba wake ndio walioisimamisha nyumba hiyo. Ushahidi uko katika vizazi viwili vya familia moja, na unaonekana wazi zaidi pale familia hiyo ilipotenganishwa.

Lazima tuanze na mama. Mary Smith alizaliwa mwaka 1795 katika eneo la Manchester, binti wa James Smith, aliyemiliki bustani kubwa ya miche na miti huko Dukinfield. Alisoma katika shule ya Wamoravian ya Fairfield, na Wamoravian walikuwa wakipeleka wamisionari ng'ambo muda mrefu kabla ya madhehebu mengi ya Kiingereza, kwa hiyo habari za watu wanaokwenda mbali kuhubiri hazikuwa ngeni masikioni mwake. Robert Moffat, Mskoti mtunza bustani, aliajiriwa na baba yake huko huko Dukinfield wakati alipokuwa akijiandaa kutumwa na Chama cha Kimisionari cha London. Wakapendana, na wazazi wa binti wakakataa. Robert akaondoka peke yake mwaka 1816. Mary Smith akabaki kwao akingoja ridhaa kwa zaidi ya miaka miwili, na alipoipata alipanda meli mwaka 1819, akashuka Cape Town mwezi Desemba, akafunga ndoa tarehe 27 ya mwezi huo. Kisa hiki husimuliwa kama hadithi ya mapenzi, nayo ni kweli, lakini kilikuwa pia uamuzi wa kazi. Mwanamke wa siku zile hakuwa na mlango wa kutumwa na Chama kama mmisionari kwa jina lake mwenyewe. Aliyeajiriwa ni mwanamume, na mwanamke mwenye wito ilimpasa aupitishe wito wake katika ndoa. Mary Smith alijua anachokiendea, na miaka hamsini aliyoitumia Afrika inathibitisha kwamba hakukurupuka.

Katikati ya miaka ya 1820 akina Moffat walijenga kituo chao karibu na chemchemi kubwa ya Kuruman. Kituo hicho kilikuja kujulikana duniani kwa kazi moja hasa, nayo ni Biblia ya Kitswana. Injili ya Luka ilichapwa mwaka 1830, Agano Jipya mwaka 1840, na Biblia nzima ikakamilika mwaka 1857. Sifa zote zimeandikwa kwa Robert Moffat, na ni halali yake, kwa sababu kukaa juu ya tafsiri moja kwa karibu miaka thelathini si mchezo. Lakini tuulize jambo ambalo wasifu wake hauliulizi: saa za kukaa mezani zilitoka wapi? Duka la karibu lilikuwa mbali sana, na bidhaa kutoka Cape Town zilisafiri kwa miezi kwenye magari ya kukokotwa na maksai. Mkate uliokwa nyumbani, sabuni na mishumaa vilitengenezwa nyumbani, nguo zilishonwa nyumbani, na wageni, wawe wawindaji, wafanyabiashara au wamisionari wapya, walifikia nyumba hiyo hiyo. Mary Smith Moffat alizaa watoto kumi, baadhi yao akawazika. Mshahara wa mmisionari mwenye mke ulikuwa karibu pauni 100 kwa mwaka, nao ulilipwa kwa mume. Hesabu za Chama hazikuwa na safu ya kazi ya mke. Hivyo tafsiri ile iligharimiwa na Chama kwa sehemu, na sehemu nyingine, ambayo naamini ilikuwa kubwa zaidi, iligharimiwa na mwanamke ambaye hakulipwa.

Binti yake mkubwa alilelewa kuirithi kazi hiyo. Mary na mdogo wake Ann walipelekwa shule Salem, karibu na Grahamstown, safari ndefu kutoka nyumbani. Baadaye Mary aliandaliwa kuwa mwalimu, na familia iliporejea Kuruman mwaka 1843 baada ya miaka michache Uingereza, alifundisha shule ya watoto wadogo. Livingstone, ambaye alikuwa amejeruhiwa na simba huko Mabotsa mwaka 1844 na kwenda Kuruman kujiuguza, alimposa katika kipindi hicho, na Januari 1845 wakaoana. Wasifu wa Livingstone huandika kwamba alipata mke. Kwa jicho la ukoo, Livingstone alipokewa katika nyumba. Alipata mwalimu aliyezungumza Kitswana kama wenyeji, mtu aliyejua kuokea mkate kwenye kichuguu kilichochongwa kikawa tanuri, binti wa mtu ambaye jina lake lilifungua milango ya machifu kuanzia Kuruman hadi kwa Mzilikazi wa Wandebele. Kolobeng, walikohamia mwaka 1847 pamoja na Chifu Sechele wa Wakwena, Mary aliendesha shule iliyohudhuriwa na watoto kati ya 60 na 80, na siku nyingine zaidi, huku akifundisha ushonaji na kulea watoto wake mwenyewe. Watswana walimwita Ma-Robert, kwa jina la mwanawe wa kwanza, kama ilivyo desturi katika sehemu nyingi za Afrika, na jina hilo ndilo Livingstone alilolipa boti lake la moshi la Zambezi mwaka 1858.

Hata Kolobeng haikujitosheleza. Mvua ziligoma mwaka baada ya mwaka, mto ukakauka, na chakula kikapungua. Nyumba ya Livingstone iliegemea nyumba ya Moffat kwa nafaka, kwa matunda, kwa mahali pa kwenda kujifungua au kupumzisha watoto. Wanawake wa Kuruman waliomwona Mary alivyokonda waliuliza kama mumewe amemshindisha njaa, na Livingstone mwenyewe ndiye aliyeliandika swali hilo katika barua. Swali lao lilikuwa la kindugu. Walikuwa wakimhesabu mwana wao, wakimdai mkwe atoe maelezo, jambo ambalo mwanamke aliyeolewa mbali na kwao angelikosa.

Madai hayo yakawa makali Livingstone alipoanza kusafiri kaskazini na familia. Mwaka 1850 aliwachukua Mary na watoto watatu hadi Ziwa Ngami, na watoto wakashikwa na homa. Mara baada ya kurudi Kolobeng, mwezi Agosti, Mary alijifungua binti, Elizabeth, ambaye alifariki akiwa na wiki chache tu, na mama mwenyewe akapooza upande mmoja wa uso. Mwaka uliofuata, Mary akiwa mjamzito tena, safari ikaanza upya kuelekea kwa Wamakololo. Mama Moffat alimwandikia mkwewe barua kali ya kumkemea kwa kumburura mwanamke mjamzito na watoto wadogo nyikani. Barua hii hutajwa na waandishi wengi kama ushahidi wa mama mkwe mwenye ghadhabu. Naiona kama waraka muhimu kuliko hivyo, kwa kuwa aliyeiandika alikuwa na uzoefu wa miaka thelathini katika nchi ile ile, alijua njia, homa na kiu, na alikuwa amezika watoto wake mwenyewe huko. Ulikuwa uamuzi wa kitaalamu, naye Livingstone hakuuzingatia. Njiani walikaa siku nne bila maji. Sebituane, chifu wa Wamakololo, aliwapokea kwa ukarimu, kisha akafariki muda mfupi baadaye, na Septemba 1851 Mary alijifungua mtoto wa kiume ukingoni mwa mto Zouga. Aliitwa William Oswell, kwa heshima ya mwindaji William Cotton Oswell aliyefuatana nao.

Kutoka hapo ukaja uamuzi ambao naona ndio kiini cha historia hii. Livingstone alitaka kuvuka bara, akaona familia haiwezi kufuata. Kuruman kulikuwa na babu, bibi, shule na bustani, lakini Mary na watoto wanne hawakubaki huko. Tarehe 23 Aprili 1852 walipanda meli Cape Town kuelekea Uingereza, nguo za safari zikiwa zimenunuliwa kwa fedha za Oswell, kwani familia haikuwa na uwezo. Kwa miaka minne na nusu iliyofuata binti wa Kuruman aliishi ughaibuni kwa maana kamili. Alianzia Hamilton kwa wazazi wa mumewe, wakakosana, mawasiliano yakakatika. Akahama kutoka makazi hadi makazi, Manchester, Kendal na kwingineko, akiwategemea marafiki na akimwandikia katibu wa Chama kuomba fedha. Watoto walikuwa wamekulia Kitswana na jua, sasa wakawa wapangaji katika miji ya viwanda. Mwanamke yule yule aliyekuwa ameendesha shule, ameoka, ameshona na kujifungulia ukingoni mwa mto, ndiye aliyedhoofika na kuanza kunywa pombe mara tu alipokuwa katika nchi inayoitwa kwao. Kama udhaifu ungekuwa tabia yake, ungejitokeza Kolobeng, wakati wa ukame. Ulijitokeza alipokatwa na watu wake.

Hapa panatokea pingamizi lenye uzito. Livingstone alifanya safari yake kubwa, kutoka Linyanti, makao ya Wamakololo, hadi Luanda na kurudi, kisha hadi Quelimane, kati ya mwaka 1853 na 1856, yaani katika miaka ile ile ambayo mke na watoto hawakuwa naye. Je, hilo halionyeshi kwamba familia ilikuwa mzigo, na kwamba mafanikio yalikuja alipoutua? Jibu linaanza na hesabu ya watu. Kwenda Luanda alipewa watu 27 na Chifu Sekeletu wa Wamakololo, na kwenda pwani ya mashariki zaidi ya 100, pamoja na pembe za ndovu za kulipia njia. Hakuwa peke yake hata siku moja. Jibu la pili ni kwamba ukoo wa mkewe haukumwacha ingawa yeye aliuacha nyuma. Mwaka 1854 Robert Moffat alikwenda hadi kwa Mzilikazi na kuwashawishi Wandebele wampelekee mkwewe mizigo hadi Zambezi. Wandebele na Wamakololo walikuwa maadui, lakini mizigo ilifikishwa ukingoni, Wamakololo wakaivusha hadi kisiwani na kuijengea kibanda, na Livingstone akaikuta aliporudi kutoka Luanda mwaka 1855. Mizigo ile haikuhitaji askari wa kuilinda, kwa sababu urafiki wa Moffat na Mzilikazi ulikuwa umeanza mwaka 1829 na ulikuwa ukitunzwa kwa ziara. Mtu anayesema Livingstone alivuka Afrika bila familia yake ajiulize kibanda kile kilijengwa kwa heshima ya jina la nani.

Pingamizi la pili linahusu vyanzo. Barua za Livingstone zilizohifadhiwa ni nyingi mno, za Mary ni chache sana. Mengi tunayoyajua juu ya miaka yake ya mwisho yanatoka kwa watu waliomtazama kwa mashaka, kama James Stewart, Mskoti kijana aliyesafiri naye kwenda Zambezi mwaka 1862 na kuandika katika shajara yake juu ya ulevi wake. Inawezekana kusema kwamba mtu asiye na maandishi yake hawezi kupewa nafasi kubwa hivi katika historia, kwamba tunajaza pengo kwa huruma. Nakubali hatari hiyo ipo. Lakini kazi huacha alama hata pale kalamu isipoacha. Idadi ya wanafunzi wa Kolobeng imeandikwa na mume ambaye hakuwa na sababu ya kuikuza. Uhaba wa fedha umo katika barua za kuomba msaada. Tarehe na mahali pa kuzaliwa kwa watoto, Mabotsa, Kuruman, Kolobeng, ukingo wa Zouga, ni ramani ya safari zake kamili kuliko shajara. Na kuhusu Stewart, shahidi aliyemkuta mtu mwisho wa maisha yake ana haki ya kuandika alichokiona, ila hana haki ya kufanywa ndiye msemaji wa miaka arobaini iliyotangulia.

Mwisho wenyewe ulikuja haraka. Machi 1858 Mary aliondoka Uingereza pamoja na mumewe na Oswell mdogo kwenda Zambezi, akagundulika ni mjamzito, akateremshwa Cape Town. Safari hii alikwenda Kuruman, na huko Novemba 1858 akajifungua Anna Mary mikononi mwa mama yake. Kisha akarudi tena Scotland kwa watoto wengine, na mwanzoni mwa mwaka 1862 akafika Zambezi. Alifariki kwa malaria Shupanga, katika Msumbiji ya leo, tarehe 27 Aprili, hata miezi mitatu haijatimia tangu awasili. Mwanawe wa kwanza, Robert, yule aliyempa mama jina lake miongoni mwa Watswana, alivuka kwenda Marekani, akajiandikisha katika jeshi la Kaskazini kwa jina la Rupert Vincent, akafa mfungwa huko Salisbury, North Carolina, mwezi Desemba 1864, hata miaka 19 hajatimiza. Oswell mdogo alifika Zanzibar mwaka 1872 na msafara wa kumtafuta baba yake, ambaye wakati huo alikuwa Unyanyembe akisubiri wapagazi. Stanley alipotokea Bagamoyo mwezi Mei na habari kwamba Livingstone amepatikana, msafara ukavunjika na kijana akarudi Uingereza bila kumwona baba.

Ukoo, hata hivyo, ulikuwa umesambaa. Ann alikuwa ameolewa na Jean Fredoux, Mfaransa wa misheni ya Paris, na wakafanya kazi Motito, jirani na Kuruman. Ndugu yao John Smith Moffat alimwoa Emily Unwin na kwenda Inyati kwa Mzilikazi mwaka 1859, akigharimiwa na fedha za shemeji yake Livingstone, wala si za Chama. Bessie, mdogo wao aliyezaliwa mwaka 1839, aliolewa mwaka 1861 na Roger Price, na kumbukumbu zake za kila siku, zilizochapwa mwaka 1956, ni miongoni mwa maelezo bora kabisa ya maisha ya nyumba ya misheni kati ya Wakwena. Yeye alizaa watoto 14. Jane hakuolewa, akafundisha Kuruman. Ukiweka majina haya juu ya ramani utaona kwamba misheni ya Chama kutoka mto Orange hadi Bulawayo ilikuwa, kwa sehemu kubwa, meza moja ya familia iliyorefushwa.

Hapo ndipo pingamizi la tatu, lililo zito kuliko yote, linapoingia, na nisingependa kulikwepa. Mtandao huu wa ndoa na urafiki ulitumika kuwanyang'anya Waafrika nchi. Februari 1888 John Smith Moffat, akiwa sasa mtumishi wa serikali ya Uingereza, alimshawishi Lobengula, mwana wa Mzilikazi, atie alama kwenye mkataba uliomfungia mlango kwa mataifa mengine, na kabla mwaka haujaisha watu wa Cecil Rhodes wakapata hati ya madini. Lobengula alimwamini kwa kuwa ni mwana wa rafiki wa baba yake. Mwana wa John, Howard Unwin Moffat, alikuwa waziri mkuu wa Rhodesia ya Kusini kuanzia 1927 hadi 1933, na katika utawala wake ikapitishwa sheria ya mwaka 1930 iliyogawa ardhi kwa rangi. Ndugu yake, Robert Unwin Moffat, alikuwa daktari mkuu wa serikali ya kikoloni Uganda mwanzoni mwa karne ya 20. Sasa je, kuwapandisha wake na mabinti wa ukoo huu si kuupamba ukoloni? Ingekuwa hivyo kama ningewapandisha kama malaika. Ninachosema ni kwamba walikuwa na uzito, na uzito hutumika kwa mema na kwa mabaya. Anayewafuta wanawake kwenye historia ya misheni huifuta pia njia iliyopitiwa na mkataba wa 1888, maana imani ya Lobengula kwa Moffat haikujengwa ofisini. Ilijengwa na ziara, zawadi, na kuzaliwa kwa watoto katika nchi yake.

Kuna deni jingine ambalo historia ya ukoo isipoangaliwa vizuri huliongeza. Nyumba za Kuruman na Kolobeng hazikuendeshwa na mama mmoja wa Kizungu kwa mikono yake miwili. Walikuwepo wanawake wa Kitswana waliobeba watoto, kuteka maji, kusaga na kupika, na majina yao mengi hayakuandikwa. Walikuwepo pia wanafunzi. Sechele alipotaka kubatizwa mwaka 1848 alitakiwa abaki na mke mmoja, akawarudisha wengine kwao. Livingstone alikiri katika barua kwamba hao walioachwa walikuwa miongoni mwa wanafunzi wao bora. Yaani wanawake waliofundishwa kusoma na mke wa mmisionari walifukuzwa kwenye ndoa zao kwa sababu ya mafundisho ya mume wa mwalimu wao. Mary alifikiri nini, hakuna maandishi. Lakini gharama ile ililipwa na wake wa Sechele, na historia yoyote ya wake wa misheni inayowasahau hao imewasahau wake waliokuwepo uwanjani.

Kwa wasomaji wa Afrika Mashariki jambo hili si la mbali. Rosine Krapf alifika Mombasa na mumewe, mmisionari Johann Ludwig, mwaka 1844, akafariki Julai mwaka huo huo pamoja na mtoto wake mchanga. Hakuwa na Kuruman ya kumpokea, wala mama wa kumwambia aahirishe safari. Roger Price, mkwe wa akina Moffat, alizijua hatari hizo kwa uchungu, kwani kabla ya kumwoa Bessie alikuwa amempoteza mke wake wa kwanza, Isabella, na mtoto wao mchanga katika msafara wa mwaka 1860 kwenda Linyanti, ambako mmisionari Holloway Helmore, mkewe na wawili kati ya watoto wao wanne walifariki pia. Chama kilipoamua kuanzisha misheni Ujiji, Price ndiye aliyetumwa Zanzibar mwaka 1876 kujaribu njia ya maksai kutoka Saadani hadi Mpwapwa. Maksai wachache wa majaribio walifika wazima. Mwaka 1877 msafara wenyewe ulipoondoka na magari, mbung'o wakawaua ng'ombe, na magari yakakwama.

Price akarudi Uingereza kuwaeleza wakurugenzi kwamba haifai kurukia Ziwa Tanganyika moja kwa moja, na kwamba vianzishwe kwanza vituo kutoka pwani kwenda bara, kila kimoja kikiegemea kingine kwa chakula, wagonjwa na barua. Ushauri huo ulitoka kwa mtu aliyeyaona ya Linyanti, akaoa nyumba ya Kuruman. Wakurugenzi wakaukataa. Wenzake wakaendelea na wapagazi. J. B. Thomson alifika Ujiji Agosti 1878, akafariki mwezi uliofuata. Arthur Dodgshun alifika Machi 1879, akafariki siku chache baada ya kuwasili. Joseph Mullens, katibu wa Chama aliyekuja mwenyewe kutoka London kuona kilichoharibika, alifia karibu na Mpwapwa Julai 1879. Price alikuwa tayari amejitoa katika misheni ile, na akarudi kwa Wakwena pamoja na Bessie.